Ulinisikia, Lakini Hukuandika

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye mkutano wa majirani wa dini zote hapa Walukuba, Jinja. Wengi mlikuwa kazini, wengine mvua iliwafungia nyumbani, mkaniomba niyaandike yote. Basi haya hapa, vile vile kama nilivyoyasema.

Asalaam aleykum waislamu wenzangu. Bwana asifiwe walokole. Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wakatoliki mliokaa huku kwenye dirisha. Wazee wangu, masheikh, Father, paasita, mwenyekiti wetu wa LC, yaani baraza la mtaa, kina mama, vijana, na nyinyi mliosimama pale mlangoni sababu viti vimeisha, habari zenu? Asanteni kwa kuja na matope haya yote.

Kabla sijasema lolote naomba tufanye kitu kimoja. Kila mtu aangalie amekaa wapi. Angalieni tu, msione haya. Hapa mbele kuna viti vyenye vitambaa, na kwenye viti vyenye vitambaa kuna nani? Kuna mahaji, kuna paasita, kuna mheshimiwa. Nyuma yao mabenchi, na kwenye mabenchi kuna waalimu na wenye maduka. Nyuma kabisa kuna mkeka, na kwenye mkeka kuna mama zetu wale waliofika hapa saa moja asubuhi kufagia na kuchota maji. Nawauliza, nani aliwapanga hivi? Hakuna! Hakuna mtu aliyesimama pale mlangoni akasema wewe kaa hapa wewe kaa kule, tumeingia wenyewe na kila mmoja akajua mahali pake.

Sasa na maiki nayo ndio hivo hivo. Maiki inaanza mbele, mzee mmoja anasalimia dakika kumi, mwingine anashukuru dakika kumi na tano, ikifika kwenye mabenchi jua limeshazama, na mimi miaka yangu yote ya mikutano sijawahi kuona maiki imefika mkekani. Kwa hiyo ninachotaka kusema leo ni kifupi ingawa nitakisema kwa kirefu, nivumilieni. Kwenye nyumba zetu za ibada mtu akileta neno, sisi hatuulizi kasema nini. Tunauliza nani kasema? Alafu tukishajua ni nani, tumeshajua kama ni kweli au ni uongo, kazi imeisha, chai iletwe.

Nianze na langu mwenyewe, kwa sababu siwezi kusimama hapa kuwanyooshea wenzangu kidole.

Zamani kidogo nilikuwa nafundisha madrasa mahali pengine, si hapa, na jina la msikiti ule naliacha maana watu wake bado wapo na ni watu wazuri. Nilikuwa katibu wa komiti. Mwaka ule tulikuwa tunajenga ukuta na vyoo, watu wamechanga, simiti imenunuliwa, imewekwa kwenye stoo nyuma ya msikiti. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa haji mmoja. Mtu huyu, walahi, mtu wa kheri. Ramadhani nzima futari ilikuwa inatoka nyumbani kwake, mayatima aliwalipia shule, ukifiwa anafika yeye kabla ya ndugu zako.

Na kulikuwa na mama mmoja muuza mukene, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mjane, ana watoto wanne. Alikuwa anatusafishia upande wa wanawake, halipwi, anafanya kwa ajili ya Mungu, na ufagio wake aliuweka kwenye ile ile stoo, ndio maana kila jioni anafunguliwa na kila asubuhi anafunguliwa. Siku moja baada ya alfajiri akanijia pale barazani. Hakukaa kwenye benchi, alikaa chini, na mimi nikamwacha akae chini. Mikono yake ilikuwa na magamba yale madogo ya mukene yanayong'aa, na harufu, mnaijua wenyewe. Akaniambia, Mwalimu, jana magharibi nimeacha mifuko 40, sasa hivi nimekuta 31.

Nikamwambia, mama, wewe kusoma hujui, umehesabuje?

Akanyamaza kidogo. Alafu akasema, njoo uone. Akanipeleka stoo, akanionyesha ukutani chini kabisa, nyuma ya mlango, amechora mistari ya makaa, mitano mitano, kila mitano ameikata na mstari wa kulala. Hivo ndivyo anavyohesabu mabeseni yake ya mukene pale Masese na hakuna mchuuzi amewahi kumdhulumu beseni hata moja. Mafungu manane ya tano tano. Nikahesabu mistari, 40. Nikahesabu mifuko, 31. Kwa macho yangu haya.

Na bado sikuandika. Kitabu cha komiti kilikuwa kwenye mfuko wangu wa kanzu, kalamu ipo, na sikuandika. Kwa nini? Kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshauliza lile swali. Nani kasema? Muuza mukene. Dhidi ya nani? Dhidi ya haji aliyetufuturisha. Nikamwambia mama nitalifikisha. Nikalifikisha kwa mdomo, kwa wazee wawili, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi. Mnajua walisema nini? Hawakusema ni uongo. Walisema ana kinyongo, Idi iliyopita hakupata mgao wa zaka vile alivyotaka. Basi ikaisha hivo. Maneno ya maskini huwa hayajibiwi jamani, kinachotafutwa ni sababu iliyomfanya ayaseme. Tajiri akisema simiti imepungua tutaenda kuhesabu simiti. Maskini akisema simiti imepungua tunaanza kumhesabu yeye, anadaiwa na nani, aligombana na nani, mume wake alikufaje.

Miezi minne baadaye ukuta ukapata ufa kutoka juu mpaka chini. Mtoto wa mzee mmoja wa komiti ni injinia Kampala, akaja na gari yake siku ya Ijumaa, akachukua msumari akaugusa ukuta, mchanga ukamwagika kama unga wa posho kwenye gunia lililotoboka. Akasema hapa simiti hakuna. Dakika kumi na tano tu alikaa pale. Usiku ule ule komiti ilikaa. Usiku ule ule! Na mimi nikaandika kila neno lake na mstari chini nikapiga.

Ikachunguzwa, ikajulikana. Haji hakuwa mwizi. Alikuwa na mtoto wa dada yake anakaa kwake, kijana huyo alikuwa amechongesha ufunguo wa pili, na wakati ule mifuko iliyotoka ilikuwa imepita 100. Sasa sikilizeni vizuri hapo, maana ndipo mahali panaponiuma mpaka leo. Tulinyamaza ili kumlinda haji, si ndio? Je, tulimlinda? Tungemsikiliza yule mama siku ile ingekuwa mifuko tisa na kijana wake angeonywa nyumbani kimya kimya. Haji alilipa yote kutoka mfukoni mwake, aliuza ng'ombe, na bado mpaka leo akipita kuna watu wananong'ona. Heshima yake tuliibomoa sisi wenyewe tukidhani tunaitunza.

Na yule mama? Hakuna mtu aliyemfukuza. Aliacha tu kuja. Siku moja nilishuka Masese kununua samaki nikamkuta ameinama anageuza mukene kwenye nyavu juani, anazigeuza kwa kiganja pole pole zisivunjike. Nikamsalimia. Nikajaribu kusema lile jambo, nikamwambia mama, kumbe ulikuwa na haki. Hakuinua uso. Akasema, Mwalimu, wewe ulinisikia. Lakini hukuandika.

Sikuwa na jibu, na leo pia sina.

Sasa mtasema, Mwalimu, hayo ni mambo ya simiti, dini iko wapi hapo? Ndugu zangu, dini iko hapo hapo. Waislamu mnaijua sura ya 80, Abasa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekaa na wakubwa wa Makureshi, watu wa mali na ukoo, anawalingania, na ukifikiria sana alikuwa na sababu, maana hao wakisilimu mji mzima unafuata. Akaja kipofu, Ibn Umm Maktum, akakatiza mazungumzo, anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso akageuka. Kipofu yule hata asingeuona uso uliokunjwa! Yeye hakuuona lakini Mungu aliuona, zikashuka aya kumkosoa Mtume wake mwenyewe, zinasomwa mpaka leo kila mahali duniani. Hebu fikirini, mtu bora kuliko wote amekosolewa kwa sababu ya kipofu mmoja, sisi wa komiti ni nani tusikosolewe? Na baadaye kipofu huyo akawa mwadhini Madina pamoja na Bilal, na Mtume akisafiri kuna nyakati alimwacha yeye asimamie mji.

Alafu kuna Khawla bint Thaalaba. Mumewe alimwambia neno lile la kijahiliya, la zama za kabla ya Uislamu, la kumfananisha na mgongo wa mamake, amwache si mke si mtalikiwa. Akaenda kwa Mtume akajadiliana naye, akarudi akajadiliana tena, hakubali. Aisha alikuwa chumba hicho hicho na anasimulia kwamba maneno mengine yeye hakuyasikia vizuri. Lakini sura ya 58 inaanzaje? Inaanza kwa kusema Mungu ameshasikia maneno ya yule mwanamke anayejadiliana nawe kuhusu mumewe. Ameshasikia! Mwanamke aliyekuwa ananong'ona shida ya nyumba yake, na sheria ikabadilika. Hivi leo mwanamke akija kwa komiti zetu na shida ya mumewe, anaulizwa nini cha kwanza? Anaulizwa, wewe ulimfanyia nini?

Na nyinyi wakristo msifikiri nimewasahau. Asubuhi ile ya ufufuo nani alifika kaburini kwanza? Wanawake. Wakakimbia kuwaambia mitume, na Luka 24 inasema mitume wakaona maneno yao ni upuzi, hawakuwasadiki. Habari kubwa kuliko zote kwenye imani yenu, Father, nirekebishe kama nimekosea (Father alitikisa kichwa kukubali), mara ya kwanza iliposemwa ilipokelewa kama porojo za wanawake. Na kwenye Mhubiri sura ya 9 kuna mji mdogo umezingirwa na mfalme mkubwa, maskini mmoja mwenye akili akauokoa, alafu hakuna aliyemkumbuka. Mwandishi hazunguki, anasema wazi hekima ya maskini inadharauliwa na maneno yake hayasikilizwi. Sisi waswahili tunasema mkono mtupu haulambwi. Ni hayo hayo.

Tuje kwetu Uganda. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844 na Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani. Inasimuliwa alisimama mbele ya Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, watu wanauawa pale kwa amri ya Kabaka, akamwambia hawa wameumbwa na Mungu, unawaua kwa haki gani? Na Kabaka akamsikiliza, akataka kujua zaidi. Tunamsifu Ahmed kwa ujasiri na anastahili. Lakini mi huwa najiuliza, kulikuwa na Waganda wangapi pale lubiri, jumba la Kabaka, waliokuwa wanayafikiria maneno hayo hayo, mpishi, mbeba kuni, mama wa yule anayekwenda kuuawa? Wangeyasema wao wangeishi mpaka jioni? Ahmed alikuwa mgeni, ana vitambaa, ana bidhaa, ana njia ya kurudi Unguja.

Maana tazama kilichofuata. Kabaka Muteesa akaja akasoma dini, akafunga Ramadhani, akaswalisha watu. Miaka ya 1870 vijana wa pale pale lubiri, watumishi tu, wakasema hatuswali nyuma yako kwa sababu hujatahiriwa, na nyama ya wachinjaji wako hatuli. Walikuwa wamesoma, walikuwa na hoja ya dini. Jibu la hoja lilikuwa nini? Walichomwa moto Namugongo, watu wapata 70. Miaka kumi hivi baadaye Kabaka Mwanga akafanya hivo hivo kwa wakristo, na siku ile kubwa ni tarehe 3 Juni 1886, pale pale Namugongo. Kizito, mmoja wa waliochomwa, alikuwa na miaka kama 14. Leo tarehe 3 Juni nchi nzima inapumzika, watu wanatembea kwa miguu kutoka mbali wiki nzima kwenda kuwaenzi, maaskofu wanapiga magoti. Na wakati huo huo kijana wa miaka 14 wa parokia yako akisema neno kuhusu mkubwa wake unamwambia kaa kimya wewe mtoto! Tunawaamini vijana wakishakufa. Wakiwa hai tunawatuma maji.

Na kama mnafikiri kutowasikia wadogo ni kosa la adabu tu, nitawakumbusha Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000. Wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa. Kanisa la kundi moja la dini kule kusini magharibi liliwaka moto, milango na madirisha yamepigiliwa misumari, watu zaidi ya 500 wakafia ndani, watoto wengi sana. Alafu zikaanza kufukuliwa maiti kwenye nyumba zingine za kundi lile, mamia, chini ya sakafu. Watu huuliza, watu wazima walidanganywaje? Mi nawaambia angalieni viongozi walikuwa nani. Credonia Mwerinde ndiye alisema Bikira Maria anamtokea. Yeye peke yake, mwanamke wa kawaida, angefika wapi? Lakini akampata Joseph Kibwetere, mtu wa mali na jina, mkatoliki anayejulikana. Akaja Dominic Kataribabo, padri aliyesoma mpaka chuo kikuu Marekani. Hapo mlango ukafunguka. Mkulima aliyekuwa na mashaka alijiuliza, mimi ni nani nimpinge padri aliyesoma Marekani?

Na sheria yao kubwa ilikuwa nini? Kunyamaza. Waumini walikuwa hawaongei, wanatumia ishara za mikono. Waliambiwa dunia inaisha mwisho wa mwaka 1999, wakauza mashamba na ng'ombe wakatoa pesa. Dunia haikuisha. Watu wakaanza kuuliza, vitu vyetu viko wapi? Ilikuwa mara ya kwanza wadogo kufungua mdomo, na haikupita miezi mitatu wamechomwa.

Tuko Jinja, kwa hiyo nitaje na Alice Lakwena, yule kiongozi wa waasi, wazee mnamkumbuka, mwaka 1987 jeshi lake lilitoka Acholi kule kaskazini likafika mpaka hapa Magamaga ndipo likavunjwa. Siko hapa kumtetea, vijana wengi walikufa wakiamini mafuta yatazuia risasi. Lakini kuna kitu kimoja kwenye habari yake huwa hakinitoki kichwani. Alice alikuwa msichana wa kawaida, mganga, na wanajeshi wazima hawakuwa wakimsikiliza Alice. Walikuwa wanamsikiliza Lakwena, na Lakwena ilisemwa ni roho ya ofisa mmoja wa jeshi, Mtaliano, aliyekufa kwenye Nile. Yaani ilibidi mwanaume, tena mzungu, tena ofisa, tena maiti, aseme kwa mdomo wake ndipo wanaume wakae chini wasikilize. Kama hiyo siyo picha ya ugonjwa wetu sijui picha gani nyingine mnataka.

Sasa najua kuna mzee hapa mbele amekunja mikono ananiangalia anasema moyoni, Mwalimu, kwa hiyo kila anayesema aaminiwe? Na fitina? Na wanaotunga? Ni swali la haki mzee wangu, fitina ipo, nimeona mashekhe na wachungaji wakivunjwa na uongo mtupu. Lakini Kurani imeshatoa jibu sura ya 49, inasema akiwajieni fasiki na habari, chunguzeni. Fasiki! Mtu mbaya anayejulikana ubaya wake! Haikusema mtupeni nje na habari yake, imesema chunguzeni. Sasa ikiwa habari ya fasiki inachunguzwa, habari ya mjane muuza mukene anayefagia msikiti wetu bure inatupwaje bila hata kuhesabu mifuko? Sikuhitaji kumwamini yule mama. Nilihitaji kuhesabu, na kuandika, basi.

Na wanavyuoni wetu wa zamani walijua kupima watu kuliko sisi. Wale waliokusanya hadithi walimpima kila msimulizi, je ni mkweli, je anakumbuka vizuri, je alikutana kweli na anayemsimulia. Ngamia wake hawakuwahesabu. Ile njia ya wasimulizi wanayoiita mnyororo wa dhahabu ni ya nani? Malik amepokea kwa Nafii, Nafii amepokea kwa Ibn Umar. Na Nafii ni nani? Mtumwa aliyeachwa huru. Pete ya katikati ya mnyororo wa dhahabu ni mtumwa, ukimtoa mnyororo unakatika. Aisha amepokelewa hadithi zaidi ya 2,000, wanaume wazima walikuwa wanakwenda kumuuliza na yeye anawasahihisha. Ata bin Abi Rabah alikuwa mweusi, kiwete, asili yake wanatajwa Wanubi, ndugu zetu wa Bombo na Arua mkae vizuri mkisikia hapo, na yeye ndiye alikuwa mufti wa Makka, wakati wa hija watu wanaelekezwa kwake. Dini hizi zilijua. Sisi ndio tumesahau njiani.

Basi tufanye nini? Nimesikia hotuba nyingi zinazoishia na tubadilike, tubadilike, alafu kesho viti viko vile vile. Nitasema vitu vichache vya mkono.

Kitabu cha komiti kiandike neno kwanza, jina la msemaji baadaye. Kiandike hivi, imesemwa mifuko 40 imekuwa 31. Tukajadili mifuko, tukaenda stoo, ndipo tuulize nani kasema, tena kama kuna haja. Mtu anayetajwa asiwe ndiye anayeongoza kikao, hata awe ametufuturisha miaka ishirini, na akiwa mwungwana kweli atainuka mwenyewe. Funguo za stoo na za sanduku la sadaka ziwe mbili kwa watu wawili na mmoja wao awe mama wa mkekani. Siyo mke wa haji. Mama wa mkekani.

Na neno likihusu mtoto, mtoto amesema sheikh au ustadhi au paasita au mwalimu wa kwaya amemshika vibaya, hapo naomba msinielewe vibaya hata kidogo. Hilo siyo la komiti. Msiliite aibu ya msikiti, msiliite jaribu la kanisa, msimwite mzazi mkamlainisha na mfuko wa sukari. Linakwenda polisi siku ile ile, kuna kitengo chao cha watoto na familia, na kuna nambari ya simu ya bure 116. Mnajua inaitwaje nambari hiyo? Inaitwa Sauti. Serikali imempa mtoto nambari, sisi wa Mungu tunamwambia anyamaze?

Kuna daftari nimeliweka pale mlangoni, la kawaida tu la kurasa 96, limefungwa kalamu kwa uzi. Asiyejua kuandika achore mistari, mimi nitakwenda kuhesabu. Najua nimelileta kwa kuchelewa miaka mingi na yule mama hayupo hapa, nilimtuma mtu amwalike, akasema ana mukene juani na mawingu yamekaa vibaya.

Mimi nimemaliza. Mshika maiki, mwanangu, usiende kwa mheshimiwa, mheshimiwa atatusamehe leo. Pita katikati, angalia waya usimwangushe mzee, nenda mpaka mkekani. Kuna dada mwenye leso ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipokuwa kwenye habari ya Khawla, akashusha, akanyoosha tena. Mpe. Na nani ana kalamu hapo karibu naye?